Mkufunzi akiondoka Kiwayu, hubaki nini?

KISIWA cha Kiwayu ni chembamba na kirefu. Kimelala kaskazini mashariki mwa visiwa vya Lamu, yapata kilomita 50 kutoka mji wa Lamu wenyewe. Upande mmoja hupigwa na mawimbi ya Bahari Hindi. Upande wa pili hutazamana na bara, na kati yao pana maji matulivu. Wenyeji wake wengi ni Wabajuni, na riziki yao i baharini: samaki, kaa, na kamba wakubwa wa miambani ambao wavuvi huwafuata kwa kupiga mbizi msimu wa kaskazi, maji yanapokuwa maangavu. Hakuna barabara ya kufikia huko. Afikaye hufika kwa chombo.

Huenda msomaji akajiuliza kisiwa kama hiki kina uhusiano gani na suala ambalo wakuu wa mashirika hulijadili katika ofisi za Nairobi na Mombasa. Suala lenyewe ni hili: shirika likitaka kuwafunza wafanyakazi wake au watu linaoshirikiana nao, je, limwajiri mkufunzi kwa mkataba wa muda, au liikabidhi kazi nzima kampuni ya nje kwa njia ya zabuni? Jibu langu ni kwamba uhusiano upo, tena mkubwa. Makosa ambayo mjini hufichika kwa urahisi, Kiwayu huonekana waziwazi.

Tangu mwaka 1979, maji yanayokizunguka kisiwa hicho yamo katika Hifadhi ya Bahari ya Kiunga. Katika miaka ya 1990 Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) lilianza kushirikiana huko na shirika la uhifadhi la WWF. Mwaka 2007 serikali ilitoa kanuni za kuunda vikundi vya usimamizi wa fuo, maarufu kama BMU, ili wavuvi wenyewe wasimamie bandari zao ndogo. Mnamo Machi 2012 ujenzi wa bandari kubwa ya Lamu ulizinduliwa rasmi, na Mei 2021 gati lake la kwanza likafunguliwa. Kila mradi wa namna hii unahitaji watu wanaojua jambo fulani: kuhesabu viota vya kasa, kutunza daftari la fedha za kikundi, kupika kwa ajili ya wageni, kutengeneza mashine ya boti, kumwokoa mtu anayezama. Kwa hiyo kila mradi hulazimika kuwafunza watu, na kila unapofanya hivyo huikuta njia panda hiyo hiyo.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru kwamba wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walioathiriwa na ujenzi wa bandari walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Katika mazungumzo yaliyofuata, ilikubaliwa kwamba sehemu ya fidia hiyo itolewe kwa vifaa vya kuwawezesha kuvua katika bahari kuu badala ya fedha taslimu. Nia yenyewe ni njema. Lakini mvuvi aliyezoea kuvua karibu na miamba, akikabidhiwa chombo chenye mashine kubwa na kifaa cha setilaiti bila kufunzwa sawasawa, amepewa uwezo wa kwenda mbali kuliko awezavyo kurudi. Hapo mafunzo si pambo la ripoti. Ni uhai wa mtu, na watoto wanaomngoja ufuoni.

Hesabu ya fedha

Hoja ya kwanza ambayo wahasibu huitoa ni ya gharama. Basi na tuanze hapo. Tuchukue mfano wa kubuni, ili wanafunzi wa biashara waweze kuufuatilia kwa kalamu.

Tuseme shirika linataka kuwafunza watu 30 wa Kiwayu utunzaji wa mashine za boti. Kampuni ya mjini inadai shilingi 600,000 kwa mafunzo ya siku tano, kukiwa na saa sita za kazi kila siku. Bei hiyo ni pamoja na usafiri, malazi, vitabu na vyeti. Njia ya pili ni kumwajiri fundi aliyehitimu kwa mkataba wa miezi sita, kwa shilingi 60,000 kila mwezi, kisha kutenga shilingi 100,000 za vifaa na 60,000 za usimamizi. Jumla ni shilingi 520,000. Fundi huyu akifunza saa mbili kwa siku, siku nne kwa juma, kwa majuma 24, atakuwa amefunza kwa saa 192. Kampuni itakuwa imefunza kwa saa 30.

Kwa hesabu hiyo, saa moja ya kampuni inagharimu shilingi 20,000, na saa moja ya fundi wa mkataba haifiki shilingi 2,800. Mtu mwenye pupa atasema kesi imekwisha. La hasha! Saa si maarifa. Huenda kampuni ina mashine za mfano zilizokatwa wazi, wakufunzi wanne na utaratibu uliojaribiwa mara nyingi, hali fundi wa mkataba ana bisibisi moja na ujuzi wa aina moja ya mashine tu. Huenda pia fundi huyo akapata kazi nzuri zaidi katika mwezi wa tatu, akaondoka na kuliacha shirika mikono mitupu. Kampuni ikishindwa kazi, inaweza kudaiwa. Kijana akitoroka mkataba, utamdai nini?

Kwa hiyo hesabu ya fedha peke yake haiamui. Inabidi tuutazame ushahidi wa watu waliokwisha kulijaribu jambo hili.

Walimu waliyaona haya kwanza

Ushahidi huo hatuhitaji kuutafuta ng'ambo. Umo katika shule zetu, na walimu wanaosoma makala haya wengi wao waliuishi.

Mwaka 2005 ulianza mradi katika shule za msingi za magharibi mwa Kenya ambapo kamati za shule 140 zilipewa fedha za kumwajiri mwalimu mmoja wa ziada kwa mkataba. Watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer waliufuatilia. Walimu hao wa mkataba walilipwa takriban robo ya mshahara wa mwalimu wa serikali. Hata hivyo walionekana darasani mara nyingi zaidi, na wanafunzi wao wakafanya vyema kuliko wenzao. Lakini yalijitokeza mengine pia. Baadhi ya walimu wa kudumu, walipoona mwenzao amekuja, walipunguza juhudi. Tena nafasi nyingine ziliwaendea jamaa za walimu waliokuwapo tayari. Tabia hiyo ilipungua pale ambapo kamati za shule zilikuwa zimefunzwa jinsi ya kusimamia.

Serikali iliuona mfano huo, ikauchukua. Kote nchini waliajiriwa walimu wa mkataba wapatao 18,000. Watafiti wengine, miongoni mwao Tessa Bold na Germano Mwabu, walilinganisha matokeo katika shule 192. Mahali ambapo mpango uliendeshwa na shirika lisilo la kiserikali, wanafunzi walipata maendeleo. Mahali ambapo mpango huo huo uliendeshwa na wizara, hakukuwa na maendeleo yoyote. Mkataba ulikuwa mmoja, kazi ilikuwa moja. Tofauti ilikuwa katika usimamizi, na katika mishahara iliyochelewa. Mnamo Septemba 2011 walimu wakagoma, na serikali ikakubali kuwaajiri walimu hao kwa masharti ya kudumu.

Na kukabidhi kazi kwa kampuni je? Hapo mfano ulio wazi unatoka Liberia. Mwaka 2016 serikali ya nchi hiyo ilizikabidhi shule 93 za umma kwa mashirika na makampuni manane ili yaziendeshe. Baada ya mwaka mmoja, wanafunzi wa shule hizo walikuwa wamejifunza zaidi kuliko wenzao wa shule za kawaida. Hata hivyo gharama ilikuwa kubwa mno. Aidha, mkataba wa kampuni kubwa kuliko zote uliiruhusu kuwaondoa wanafunzi waliozidi na walimu isiowataka, wakasukumwa katika shule nyingine za serikali. Kampuni haikuvunja mkataba. Ilifanya lile ambalo mkataba haukulikataza.

Mafunzo ya mifano hii mitatu ni haya. Mkataba wa muda unaweza kumfanya mkufunzi awajibike, lakini si bila msimamizi na mshahara wa wakati. Zabuni nayo inaweza kuleta ujuzi wa haraka, lakini kampuni itafanya kilichoandikwa, na kisichoandikwa haitakifanya. Anayedhani kwamba njia moja ni dawa ya kila ugonjwa atakuwa ameyasoma haya nusu nusu.

Bahari haingoji zabuni

Turudi Kiwayu. Kisiwani humo kuna mambo matatu ambayo hati za zabuni huyasahau.

La kwanza ni majira. Mwaka wa fedha wa serikali yetu huisha tarehe 30 Juni. Fedha nyingi za miradi hutumika katika miezi ya mwisho, kila afisa akikimbia zisirudishwe. Lakini miezi hiyo ndiyo ya kusi, pepo zinapovuma kwa nguvu na bahari ikachafuka. Kampuni iliyoshinda zabuni mwezi Aprili itataka kufunza mwezi Mei, iandike ripoti mwezi Juni. Italetaje wakufunzi kwa boti katika bahari kama hiyo, na itawafunzaje watu kuokoa chombo majini? Matokeo yake ni kwamba mafunzo ya bahari hufanywa ukumbini, kwa picha ukutani. Mkufunzi anayekaa kisiwani angefundisha nadharia wakati wa kusi, vyombo vikiwa vimepandishwa pwani, na vitendo wakati wa kaskazi. Kalenda yake ingekuwa ile ile ya wanafunzi wake.

La pili ni lugha. Mbajuni ana jina la kila upepo, kila fungu la mchanga na kila kipande cha chombo chake. Mkufunzi anayekuja na kitabu cha Kiingereza hulazimika kutafsiri kila neno, na mara nyingi anayetafsiri ni kijana wa kijijini ambaye hakulipwa wala hakutajwa katika hati yoyote. Mimi huuliza: ikiwa kijana huyo ndiye anayefanya elimu ieleweke, kwa nini si yeye aliyepewa mkataba?

La tatu ni usalama. Mnamo Septemba 2011 mtalii Mwingereza aliuawa na mkewe akatekwa nyara katika hoteli iliyokuwa bara, ng'ambo kidogo ya Kiwayu. Hoteli hiyo ilifungwa, na waliokuwa na kazi za upishi, uongozaji wageni na unahodha wakazikosa. Tangu hapo, kila panapotolewa tahadhari, watu wa nje ndio wa kwanza kuahirisha safari. Siwalaumu, kila mtu ana familia. Lakini mpango wa mafunzo unaotegemea watu wa nje peke yao husimama siku wanaposita kupanda boti. Wavuvi hawawezi kuahirisha kwenda baharini.

Pamoja na hayo, Kiwayu ina mfano wake wa kutufundisha. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Julie Church, mhifadhi wa bahari aliyefanya kazi eneo hilo, aliwaona watoto wakitengeneza vitu vya kuchezea kutokana na kandambili kuukuu zilizoletwa na maji ufuoni. Akawahimiza kina mama waziokote, wazioshe, wazikate na kuzigeuza kuwa bidhaa. Wazo hilo lilikua hadi likazaa kampuni inayojulikana kwa jina la Ocean Sole, ambayo sanamu zake za tembo, twiga na kasa huuzwa nchi za mbali. Leo karakana yake iko Nairobi. Sisemi hivyo kwa kulalamika, kwani biashara hufuata soko. Nasema hivyo ili tukumbuke kwamba ujuzi unaweza kuzaliwa kisiwani na ukakomaa kwingine, ikiwa ajira inayoutunza iko huko kwingine. Ujuzi hukaa pale anapokaa mtu anayelipwa kuutumia.

Mafundi wa jahazi wa Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, hawakuhitaji mtafiti awaeleze hilo. Kijana anayetaka kuwa fundi hukaa na fundi. Huanza kwa kushika mbao na kupitisha zana, na siku moja huachiwa ubao wake mwenyewe. Hakuna siku tano wala cheti. Kuna mtu anayekijua kitu, na mtu anayekaa karibu naye mpaka akijue.

Kipimo cha kuamulia

Basi shirika lifanyeje? Maoni yangu ni kwamba badala ya kuuliza ipi ni rahisi, liulize: siku mkufunzi atakapoondoka, nani atabaki akiijua kazi hii vizuri kiasi cha kumfunza mwingine?

Yako mafunzo ambayo huhitajika mara chache, hutaka mitambo ya ghali, au hayawezi kutambulika bila cheti cha chuo kinachokubalika. Uendeshaji wa mitambo ya bandarini, uokoaji baharini na huduma ya kwanza ya kitaalamu ni ya namna hiyo. Haya yakabidhiwe wenye uwezo, kama chuo cha mabaharia cha Bandari kilichoko Mombasa. Itakuwa ni ujinga kwa shirika dogo kujaribu kuyaanzisha upya kisiwani.

Yako mengine ambayo ni ya kila siku na hubadilika kulingana na mahali: utunzaji wa mashine ndogo, hesabu za kikundi, uhesabuji wa kasa, usafi wa samaki hadi afike sokoni, lugha ya kumpokea mgeni. Haya yapewe mkufunzi wa mkataba anayeishi pale. Akipatikana mwenyeji, ni heri zaidi. Wako vijana wa Lamu waliosomea vyuoni, na wako walimu wastaafu wanaojua kufundisha kuliko mshauri yeyote mwenye mkoba wa ngozi.

Na pale njia zote mbili zinapohitajika, mkataba wa zabuni uwe na sharti moja lisiloepukika: kampuni itafanya kazi bega kwa bega na mkufunzi wa mahali, na sehemu ya mwisho ya malipo haitatolewa mpaka mkufunzi huyo aonyeshe mbele ya watu kwamba anaweza kuifundisha somo kwa somo bila msaada. Tumeona Liberia kwamba kisichoandikwa hakifanywi. Basi kiandikwe.

Sheria zetu nazo zina nafasi yake. Chini ya Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, waajiri hulipa ada ya shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi kwa mamlaka iitwayo NITA, na mwajiri anaweza kudai kurudishiwa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Utaratibu huo huwapendelea wakufunzi waliosajiliwa, ambao wengi wako mijini. Ingefaa mashirika yanayofanya kazi Lamu yawasaidie wakufunzi wa huko kusajiliwa, ili karatasi isiwe kizuizi kwa mwenye ujuzi.

Tahadhari kwa waajiri

Kabla sijaweka kalamu chini, sharti niseme neno la kuzuia upotoshaji. Nikisifu mkataba wa muda, sisifu hila ya kumweka kijana katika kibarua kisichokoma. Wako waajiri ambao wamemgeuza msomi kuwa mtu wa miezi mitatu mitatu, mwaka baada ya mwaka, ili wakwepe likizo, matibabu na malipo ya uzeeni. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 iliweka kinga kwa kibarua anayefanya kazi mfululizo. Na mnamo Aprili 2024 Mahakama ya Ajira iliamua kwamba Tume ya Kuwaajiri Walimu ilikiuka haki za walimu waliohitimu kwa kuwaajiri kama wanagenzi kwa malipo duni. Mkufunzi asiyejua kama mwezi ujao atalipwa hawezi kuwapa wanafunzi wake moyo wake wote. Walimu wa mkataba wa 2011 walitufundisha hilo kwa mgomo.

Kwa hiyo mkataba uwe na muda unaolingana na kazi, usipungue mwaka mmoja pale ambapo kazi ni ya mwaka mzima. Mshahara ulipwe kwa wakati. Uteuzi ufanywe mbele ya kamati ya kijiji iliyofunzwa kusimamia, ili nafasi zisiwe urithi wa jamaa. Na mwenye kuimaliza kazi vizuri afikiriwe ajira ya kudumu.

Kwenu wanafunzi wa ualimu na wa biashara, hili si suala la mashirika tu. Wengi wenu mtaajiriwa kwa mkataba au mtafanya kazi katika kampuni za zabuni. Mtakapopelekwa mahali kama Kiwayu, ulizeni kabla ya kufungua mkoba: nani hapa nitamwachia kazi hii? Mkikosa jibu, ombeni siku za ziada mumtafute mtu huyo. Boti itakayowarudisha Lamu itakapong'oa nanga, yeye ndiye atakayebaki amesimama ufuoni na kundi la wanafunzi wake.